Nilikuwa naulaumu upepo: uzoefu wangu na pimamaji ya umeme kwenye bunduki

Kwa misimu miwili nilisumbuliwa na kosa moja. Kwenye mita 1,000 risasi zangu zilitawanyika kwa upande: hii katikati, ile nusu mita kulia, inayofuata inarudi kidogo. Juu na chini zilikaa vizuri. Daftari langu la wakati huo limejaa neno upepo ukurasa hadi ukurasa. Nilinunua kipima upepo bora zaidi, nikajifunza kusoma mazigazi yanavyotiririka juu ya ardhi, nikapima upya kasi ya risasi. Hata ule mkengeuko mdogo wa kulia unaotokana na risasi kujizungusha hewani nilishauweka kwenye hesabu. Kosa halikuondoka.

Siku moja mwenzangu aliyelala nyuma yangu na darubini yake aliacha kuangalia shabaha, akawa anaangalia kitako cha bunduki yangu. "Ndugu yangu," akasema, "bunduki imelala." Nikabisha, maana msalaba ndani ya darubini niliuona umesimama wima kabisa. Akaniambia niinue kichwa bila kugusa kitu, akaweka pimamaji ndogo ya fundi juu ya kizungusho cha darubini. Kiputo kilikimbilia kushoto moja kwa moja. Bunduki ilikuwa imelalia kulia, na mimi ningeapa kwamba imenyooka.

Tulikuwa tumelala kwenye mteremko. Jicho likiona ardhi imeinama huichukua ardhi hiyo kuwa ndiyo usawa, na mikono inafuata bila kuuliza. Kwenye uwanja tambarare nilikuwa nafanya vizuri zaidi, na hilo nalo nilikuwa nalieleza kwa upepo!

Asiyewahi kulipitia jambo hili huona digrii 2 au 3 si kitu. Fikiria ngazi ndefu iliyosimamishwa ikaegama kidogo. Kwenye kipago cha kwanza huoni tofauti yoyote. Ukifika kipago cha juu umeshakwenda pembeni kabisa. Urefu wa ngazi hiyo ndio kiasi unachoinua mtutu ili risasi ifike mbali. Mimi natumia risasi aina ya 6.5 Creedmoor, na kwa mita 1,000 napandisha darubini takriban mili 10 (mili ni kipimo cha pembe; mili 1 ni mita 1 kwenye umbali wa mita 1,000), yaani mita 10 za kuinua risasi huko iendako. Bunduki ikilala digrii 1, sehemu ya kule juu inageuka kuwa kule pembeni: karibu sentimita 17. Ikilala digrii 3, ni zaidi ya nusu mita. Kwenda chini haiendi hata sentimita 2, ndiyo maana risasi zangu zilikuwa zimepangika vizuri kwa wima na kuharibika kwa ulalo. Kwenye mita 100, kwa digrii hizohizo 3, kosa halifiki hata nusu sentimita. Unaweza kulenga mita 100 miaka kumi usijue kama una tatizo hili. Na kwa risasi yangu, digrii 3 ni sawa na kukosea upepo kwa takriban mita 1 kwa sekunde, kiasi ambacho mlenga shabaha yeyote anaweza kukikosea akalala usingizi wake vizuri. Kwa hiyo nilikuwa namlaumu asiyehusika.

Nilianza na pimamaji ya kiputo iliyobanwa kwenye darubini. Inafanya kazi na haihitaji betri, lakini jicho linalolenga haliwezi kuona vizuri shabaha iliyo mita 1,000 na kiputo kilicho sentimita chache kutoka usoni kwa wakati mmoja. Nilikuwa naangalia kiputo, naridhika, narudi kwenye msalaba, natoa pumzi, navuta triga. Kati ya kuridhika na kuvuta zinapita sekunde kadhaa, na bunduki inalala ndani ya sekunde hizohizo.

Hapo ndipo nilipohamia kwenye ya umeme. Ni kiboksi kidogo kinachofungwa kwenye reli ya bunduki, upande wa jicho la kushoto. Ndani kuna kihisi kinachojua chini ni wapi kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Bunduki ikisimama sawa inawaka taa ya kijani. Ikilala, inawaka nyekundu ya upande ilikolalia. Faida yake kubwa, ambayo kwangu inatosha peke yake, ni kwamba huhitaji kuitazama. Nalenga macho yote mawili yakiwa wazi, la kulia kwenye darubini, na rangi inanifikia pembeni mwa jicho la kushoto. Silazimiki kusoma chochote wala kuacha shabaha.

Wiki ya kwanza nilijifunza kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuniambia. Nilikuwa nafunga bolti, taa ikawa kijani. Naweka kidole kwenye triga, kijani. Naanza kuvuta, na hapo, kabla mlio haujatoka, nyekundu ya kulia inapepesa. Nikarudia bila risasi mara ishirini, na ikapepesa karibu kila mara. Kiganja changu kilikuwa kinaikamua shingo ya kitako na kuizungusha bunduki wakati uleule wa kufyatua. Kiputo kisingenionyesha hilo kamwe, maana wakati huo sikuwa nakiangalia. Nilihamishia kidole gumba upande uleule wa kulia badala ya kuukumbatia mshiko, na nyekundu ikaacha kuja. Mazoezi haya ya bila risasi ndiyo yaliyonilipa kuliko kitu kingine chochote kilichofungwa kwenye bunduki hii.

Sasa nakuomba sana usiruke hatua hii. Kifaa hakijui msalaba wako umeelekea wapi; kinajua tu jinsi chenyewe kilivyokaa. Ning'iniza timazi mbali kidogo, uzi mweupe wenye uzito, mahali pasipo na upepo. Funga bunduki imara, ilinganishe mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi wote, kisha ndipo ukiambie kifaa kwamba hapa ndipo sifuri. Halafu pandisha darubini kliki zote utakazotumia (kliki ni hatua moja ndogo ya kizungusho) uone kama msalaba unapanda juu ya uzi au unatoka pembeni. Ukitoka, darubini yenyewe ina kasoro na taa haiwezi kukusaidia.

Mimi niliyajua haya na bado yalinikuta. Baada ya mamia ya risasi skrubu ya kubana ililegea kidogo, kiboksi kikageuka kiasi kisichoonekana kwa macho, na kikaendelea kuniwashia kijani kwa ujasiri uleule. Nilipiga siku nzima nikiamini nimenyooka. Timazi ndiyo iliyonifungulia macho jioni yake. Tangu hapo nimechora mstari mwembamba wa rangi unaovuka kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye reli. Mstari ukikatika najua kimecheza.

Mengine ni madogo. Betri ni ile bapa ya CR2032, na baridi kali inaidhoofisha: asubuhi moja taa zilizimika nikiwa tayari nimelala chini. Jua la mchana linafifisha taa, jioni zinakuwa kali mno, kwa hiyo chagua chenye kupunguza mwanga. Kuhusu wepesi wa kuhisi, nilianza na nusu digrii nikidhani ndiyo ubingwa. Taa zilicheza kwa kila pumzi na kila pigo la moyo, nami nikawa nasubiri kijani badala ya kulenga. Nimetulia kwenye digrii 1. Pia ukisogeza bunduki ghafla, kihisi huchanganya mwendo huo na mvutano. Kipe nusu sekunde kitulie. Kabla ya mashindano au uwindaji, soma kanuni, kwa sababu si kila mahali vifaa vya umeme kwenye bunduki vinaruhusiwa.

Kwa anayelenga mita 300 kwenye uwanja tambarare, kiputo kinatosha, pesa ziende kwenye risasi za mazoezi. Anayelala kwenye miteremko na kupandisha mili nyingi, namshauri akipate mapema kuliko mimi.

Nimerudi mara kadhaa kwenye mteremko uleule. Bado jicho linaniambia bunduki imelalia kushoto pale taa inapokuwa kijani, na mikono inataka kuirekebisha. Naiacha ilivyo, navuta. Upepo nausoma kama zamani, ila sasa ninachoandika daftarini ni upepo kweli.