Rampu za ukingo kwa magari ya chini: ipi ununue, ipi uiache

Rampu za kulaza mtaroni, kwenye ukingo wa barabara mbele ya mlango wa kuingilia gari, nyingi huuzwa kwa kimo cha ukingo. Ukingo wako una sentimita 10, unapewa rampu ya sentimita 10, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Ikiwa mdomo wa bampa (sehemu yake ya chini kabisa) uko sentimita 12 kutoka chini, ukingo wa sentimita 10 peke yake hauugusi; bampa inapita juu yake. Kinachokwaruza ni njia ya kuingilia inayoendelea kupanda nyuma ya ukingo: pua ya gari inaifikia huku tairi la mbele bado limezama mtaroni. Kazi ya rampu ni kulinyanyua tairi hilo mapema. Ndiyo maana rampu yenye mteremko mfupi na kimo kikubwa, ambayo ndiyo imejaa madukani, mara nyingi hulainisha tu ule mshtuko wa tairi kupanda na bado bampa ikaendelea kuliwa.

Pima kabla ya kutoa pesa

Unahitaji futi, pima maji, ubao ulionyooka wa mita 1, na chaki.

Anza na chaki. Paka kwa wingi sehemu ya njia inayokwaruza, pitisha gari taratibu sana mpaka liguse, kisha chungulia chini uone chaki imeshika wapi: mdomo wa bampa, sampu ya oili (chombo cha oili chini ya injini), vizingiti vya milango au ekzosi. Jibu hilo ndilo linaloamua kama rampu itakusaidia au la.

Halafu chukua vipimo vya gari, likiwa na watu wawili mbele na matairi yakiwa na upepo sahihi: kimo cha mdomo wa bampa kutoka ardhini, umbali kutoka tairi la mbele linapogusa ardhi hadi kwenye mdomo huo, na umbali kati ya ekseli mbili.

Mwinuko wa njia unapimwa kwa ubao. Ulaze kuelekea juu, weka pima maji mgongoni mwake, inua ncha ya chini mpaka kipovu kitulie katikati, kisha pima pengo lililo chini ya ncha hiyo. Pengo la sentimita 14 kwenye ubao wa mita 1 ni mwinuko wa asilimia 14. Fanya vivyo hivyo upande wa barabara, maana barabara nazo hulala kidogo kuelekea mtaroni ili maji yatoke.

Sasa jumlisha. Tuseme barabara inashuka kuelekea mtaroni kwa asilimia 4 na njia inapanda kwa asilimia 14. Badiliko lote ni asilimia 18. Mdomo wa bampa uko sentimita 75 mbele ya tairi, kwa hiyo tairi likiwa kwenye shimo la mtaro, ardhi iliyo chini ya mdomo imepanda sentimita 13.5 (75 mara 0.18). Mdomo wenyewe uko sentimita 12. Unakwaruza kwa sentimita 1.5.

Ukiliinua tairi la mbele kwa sentimita 5 palepale mtaroni, pua haipandi sentimita 5 tu, kwa sababu iko mbele ya ekseli. Kwa gari lenye sentimita 260 kati ya ekseli, pua hupanda 5 mara 335 (260 jumlisha zile 75 za mbele) gawa kwa 260, yaani karibu sentimita 6.4. Badala ya kukwaruza, unapata nafasi ya sentimita 4.9. Rampu ya sentimita 5 tu imemaliza kazi ambayo wengi wangeinunulia ya sentimita 15. Tena rampu iliyo chini kuliko mdomo wa bampa haiwezi yenyewe kugeuka kuwa kitu kipya cha kugonga.

Acha akiba ya sentimita 3 angalau. Ukikanyaga breki pua inainama, na springi zilizochoka hazina huruma.

Ikiwa chaki imeshika tumbo la gari, hesabu ni nyingine. Zidisha kimo cha tumbo kwa 4, gawa kwa umbali wa ekseli: tumbo la sentimita 11 kwenye gari la sentimita 260 linavumilia badiliko la asilimia 17 hivi kileleni. Njia ikivunjika zaidi ya hapo pale juu inaponyooka, rampu ya mtaroni haikusaidii chochote. Dawa ni kuinua njia za matairi pande zote mbili za kilele, au kukata kilele chenyewe.

Jaribio la mwisho halina gharama kubwa: mbao mbili pana za unene wa sentimita 5, moja kwa kila upande, zilazwe mtaroni. Mtu mmoja aendeshe, mwingine achungulie. Ongeza ubao mwembamba kama bado. Kimo ambacho gari limepita nacho ndicho kimo cha kununua.

1. Mpira wa vipande, upana mzima wa mlango

Hii ndiyo tunayoiweka juu kwa nyumba ambayo gari huingia na kutoka kila siku. Vipande vya mpira mzito huunganishwa kimoja kwa kingine, vinajaza mtaro, na chini yake kuna mfereji wa kupitisha maji. Mpira haupigi kelele, haukati tairi, na ukilowa bado unashika vizuri kuliko chuma au plastiki.

Upana: kwa gari linaloingia likiwa limenyooka, mita 3 zinatosha. Ukilazimika kuingia kimshazari, au barabara ni nyembamba na unakata kona, panga mita 3.6 hadi 4. Upungufu wa sentimita 30 tu unafanya tairi la nyuma lishukie nje ya rampu, na hapo ekzosi ndiyo inayolipa.

Urefu wa mteremko upande wa barabara ndio unaopuuzwa zaidi. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, tafuta sentimita 8 hadi 10 za mteremko. Sentimita 10 za kimo kwenye sentimita 30 za mteremko ni zaidi ya digrii 18, ilhali pua za magari mengi yaliyoshushwa hazifiki digrii 10. Kimo hichohicho kwenye sentimita 60 ni digrii 9.5.

Kagua mpira kwa mkono. Sugua ukingo wake mwembamba kwa ufunguo: chembechembe zikidondoka, gundi iliyozishikanisha ni haba na ncha zitaanza kumeguka mapema. Geuza kipande uone chini. Mbavu za kuimarisha ni sawa, ila ziwe karibukaribu. Uwazi mkubwa katikati hubonyea tairi likipita. Uzito nao unasema: kipande kizima kisicho na uwazi, chenye urefu wa mita 1, kimo cha sentimita 10 na mteremko wa sentimita 30, hufika kilo 17 hivi. Kikiwa na mbavu, 10 hadi 12 ni kawaida. Kilo 5 ni ganda tupu.

Kasoro yake ni maji. Tundu dogo huziba kwa majani na mchanga, mtaro ukafurika, na aliye jirani upande wa juu ndiye wa kwanza kugonga mlango wako. Chukua yenye mfereji mpana kadiri inavyowezekana, na vipande viwe vya kufunguka ili usafishe kwa fimbo au mpira wa maji kabla ya mvua.

2. Jozi ya kabari nzito za mpira

Kwa aliyepanga nyumba, au asiyeruhusiwa kuacha kitu mtaroni, kabari mbili za upana wa sentimita 60 hadi 90 zinatosha. Unaziweka, unapita, unaziondoa. Zina faida ambayo wengi hawaioni: katikati kunabaki wazi, kwa hiyo sampu na sehemu ya kati ya bampa hazina kitu kipya cha kukutana nacho, na maji yanapita.

Chagua zenye uzito wa kilo 10 au zaidi kila moja, zenye mpini au tundu la kushikia, na chini ziwe na mikunjo ya kung'ang'ania. Gari linalovutwa na matairi ya mbele husukuma kabari kinyumenyume linapopanda, kisha ukishuka kwa rivasi huku umeshika breki, kabari inasukumwa tena kuelekea barabarani. Nyepesi itaruka.

3. Bati la alumini au chuma

Bati lenye vinundu la milimita 5 au 6, lililokunjwa na kuwekewa mbavu chini, lina uzuri mmoja mkubwa: fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa vipimo vyako hasa, hata mteremko wa mita 1 ambao rampu za dukani hazina. Linaacha mtaro wote wazi chini yake. Kwa mtaro mpana na wenye kina, hili linaweza hata kupanda nafasi ya kwanza.

Matatizo yake yanajulikana. Hupiga kelele kila tairi linapopita, isipokuwa umelilaza juu ya vipande vya mpira. Linateleza likilowa. Chuma kisichopakwa zinki hula kutu kuanzia chini, mahali usipopaona. Alumini ni nyepesi na haina kutu hiyo, lakini wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda kupita kiasi, hivyo ifunge. Kingo zote zisagwe ziwe butu; tairi la ubavu mwembamba likigusa ncha kali kwa pembeni hukatika, na mkato wa ubavuni hauzibiki.

4. Mbao

Ni nzuri kwa jaribio na kwa miezi michache. Mbao hunywa maji, hupinda, hushika ukungu na kuteleza. Ukizitumia, ziwe zimetiwa dawa, skrubu zizamishwe, na juu upigilie mkeka wa mpira au karatasi ya msasa wa lami.

5. Plastiki nyepesi

Hizi ndizo zinazonunuliwa sana, na ndizo tunazoziweka mkiani. Jua huzikausha zikapasuka kuanzia pembeni, kilo 3 au 4 hazitulii kwenye zege lenye maji, na nyingi zina mteremko wa sentimita 25 hadi 30 tu. Zinafaa pikipiki na toroli. Uzito wa kubeba ulioandikwa kwenye lebo usikutishe wala usikuvutie: gari la kilo 1,500 huweka takriban kilo 450 kwenye kila tairi la mbele, kwa hiyo cha kuuliza ni kama namba hiyo ni ya rampu moja au ya jozi.

Kumwaga zege au lami mtaroni hakumo kwenye orodha hii. Huziba maji, na mwenye barabara akija kulivunja, gharama ni yako. Kurekebisha mwinuko wa njia yenyewe, ndani ya uzio, ni suluhisho bora kuliko yote yaliyo hapa, lakini hiyo ni kazi ya ujenzi.

Kufunga, na kinachoharibika

Mtaro ulio nje ya uzio kwa kawaida ni sehemu ya barabara, kwa hiyo ulizia mamlaka ya eneo kabla ya kutoboa. Mwendesha baiskeli akianguka juu ya rampu yako usiku, swali litakuja kwako. Weka vipande vya kuakisi mwanga kwenye ncha zote mbili.

Fagia na kausha. Panga vipande bila kufunga, pitisha gari mara kadhaa, ndipo uchore alama. Kwenye zege, toboa na utumie bolti za kutanuka za milimita 10 au 12, mbili angalau kwa kila kipande, vichwa vikizama chini ya uso wa mpira. Pulizia vumbi nje ya tundu kwanza. Vumbi ndilo linaloifanya bolti izunguke bila kukaza. Lami ni laini mno kwa bolti hizo: hutanuka, lami inaachia, na baada ya muda kipande kinacheza. Huko tumia misumari mirefu ya chuma au bolti za kugandishwa kwa gundi ya kemikali. Acha pengo la milimita 3 hadi 5 kati ya vipande, kwa kuwa mpira hutanuka juani.

Kaza upya bolti baada ya wiki mbili. Na usizungushe usukani gari likiwa limesimama juu ya rampu: msokoto wa tairi hung'oa bolti haraka kuliko uzito wa gari lenyewe.