Gari la kubana mafuta: ukiwa Bongo, lipi la kwanza?

Tanzania haichimbi mafuta ghafi. Petroli yote tunayoichoma kwenye foleni ya Ubungo au Mbagala imeshushwa melini na kulipiwa kwa dola, ndiyo maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, roho juu. Serikali ina kazi yake, lakini sehemu kubwa ya mzigo huu tunauamua sisi wenyewe siku tunapochagua gari.

Kwanza hesabu, maana hapa wengi hukosea. Chukua mtu anayetembea kilometa 1,250 kwa mwezi. Gari la kilometa 8 kwa lita litakunywa lita 156. La kilometa 20 litakunywa lita 62 na nusu. Sasa toka 20 uende 25: unaokoa lita 12 na nusu tu! Kwa hiyo faida kubwa, kwako na kwa nchi, iko kwenye kuachana na lile gari refu la cc 2,400 linalobeba mtu mmoja kwenda ofisini. Ukishafika kwenye 20, usiumize kichwa kutafuta 25.

Namba moja: gari dogo la petroli lililofungwa mfumo wa gesi asilia. Hili ni kwa wakazi wa Dar es Salaam. Gesi ya Songo Songo inafika jijini tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara lilikamilika 2015. Ni mali yetu, haisubiri meli. IST au Vitz iliyofungwa gesi inabaki na tanki lake la petroli, hivyo gesi ikiisha njiani hukwami. Kubali mambo mawili: mtungi utakula buti, na vituo bado ni vichache, foleni yake inachosha. Usifungiwe na fundi wa chini ya mwembe. Mtungi wa gesi unabeba mgandamizo wa karibu bar 200, kwa hiyo dai cheti chake na tarehe ya kukaguliwa tena.

Namba mbili: Toyota Aqua. Injini ni cc 1,500 ikisaidiwa na mota ya umeme, tanki lita 36. Foleni inayowatesa wengine ndiyo inayoipa sifa, kwa sababu ukisimama injini hujizima. Tangazo la Japani lilisema kilometa 35 kwa lita. Kwa barabara zetu na kiyoyozi, ukipata 20 umefanya vizuri. Ugonjwa wa kuogopa ni betri kubwa, iliyo chini ya kiti cha nyuma. Pembeni ya kiti hicho kuna tundu la kuingizia hewa ya kuipoza. Ukilikuta limejaa vumbi au limezibwa na kava la kiti, jiulize betri imepikwa kwa miaka mingapi. Mlete fundi na mashine ya kupimia asome hali ya kila fungu la betri kabla hujalipa.

Namba tatu: Vitz au Passo ya cc 996. Kwa mtu wa mkoani ningeipa namba moja. Silinda tatu, na fundi wa Kahama anaijua sawa na wa Songea. Ukiwa na abiria wanne na magunia, mlima Kitonga utaupanda taratibu.

Namba nne: Nissan Leaf iliyotumika. Naipenda, na kwa umeme wa Bwawa la Nyerere tungeweza kuiendesha bila tone la petroli. Wenzetu wa Ethiopia walipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Ila betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huizeesha. Hesabu vipande vya afya ya betri kwenye dashibodi: mpya ina 12. Chini ya tisa, achana nayo, hasa kama huna pa kuchajia nyumbani.

Kwa lolote utakaloagiza, angalia mwaka wa kutengenezwa: likizidi miaka minane, ushuru wa uchakavu unaweza kumeza nafuu yote. Kama linauzwa hapahapa, mwombe muuzaji mjaze tanki mpaka mdomoni, tembeeni kilometa 50 za foleni halisi, kisha mjaze tena pampu ileile. Gawanya kilometa kwa lita zilizoingia, na bei mzungumze baada ya hapo.