Tarumbeta gani ununue? Angalia pistoni kwanza

Julai iliyopita tulikuwa tunamsindikiza bibi harusi kutoka Nkuhungu, na hatujafika hata barabara kubwa pistoni ya pili ya tarumbeta yangu, kile kitufe cha katikati unachobonyeza kubadili noti, ikazama, haikupanda tena. Nilikuwa nayo miezi miwili tu. Laki nne na nusu, mpya, inang'aa kama dhahabu. Wenzangu wakaendelea kupuliza, mimi nimeikumbatia.

Ndiyo maana sizungumzii rangi wala begi. Sauti huanzia kwenye midomo yako inayotetemeka, halafu hewa inapita kwenye bomba la karibu mita moja na nusu. Pistoni 3 zinairefusha njia hiyo: ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Pistoni ikivuja utapuliza hadi mishipa ya shingo itoke, noti za juu zisitoke. Na kwetu Dodoma upepo wa kiangazi unaleta vumbi linalonata kwenye mafuta ya pistoni. Pistoni iliyochongwa ovyo haimalizi msimu.

Ipime hivi. Usibonyeze kitu. Vuta taratibu kijibomba cha pistoni ya kwanza bila kukichomoa, hesabu hadi tano, kisha bonyeza pistoni hiyo. Ikilia "pop", hewa haivuji. Ikikaa kimya, irudishe mezani. Rudia kwa zote tatu, halafu zibonyeze kwa kuzisukuma pembeni kidogo uone kama zinapanda upesi.

Namba moja kwangu ni Yamaha, na sijifichi. Chukua YTR-2330, au hata iliyotumika ya familia hiyohiyo. Pistoni zake ni za moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba usioshika kutu kirahisi. Yamaha yenye mikwaruzo na iliyopauka naichukua mbele ya mpya isiyo na jina, mradi ilie "pop".

Ya pili Jupiter ya Taiwani: imara, inafaa kijana anayeanza. Ya tatu Bach, ile ya wanafunzi, TR300. Sauti yake nene naipenda, ila huku kwetu kuipata ni kuagiza.

Zisizo na jina, za bei ya kutupa: pima pistoni, basi.

Kinachoniumiza ni wauzaji. Nilisafiri hadi Dar es Salaam, nikaomba kupuliza, nikajibiwa, "Dada, ukipuliza umenunua." Kwa nini? Midomo yangu ina sumu? Nimebeba kipulizio changu mwenyewe, nimekisafisha! Niliporudisha ile mbovu wakaniambia nimeiharibu kwa vumbi la Dodoma, kisha wakataka niwanunulie kichupa cha mafuta ya pistoni kwa elfu thelathini na tano. Ile laki nne na nusu ilikuwa michango ya vijana wa kanisani, waliouza karanga Jumapili hadi Jumapili, na mpaka leo hawajarudishiwa hata shilingi.