Picha ya Courbet kwa fundi fremu wa Mwanga

Anayetaka picha ya sebuleni hapa Kigoma aende kwa fundi fremu wa Mwanga. Nilimpelekea kwenye flashi picha ya ngome ya Chillon, iliyo kando ya Ziwa Geneva, kazi ya mchoraji Mfaransa Gustave Courbet, akaichapa na kuitia fremu ya mninga. Pembe zimekaa sawasawa, kioo safi. Ila vilima vimetoka vyeusi mno. Mwambie aongeze mwanga kabla ya kuchapa.

Mimi naipenda kwa sababu ya ziwa lile. Courbet alilichora akiwa uhamishoni Uswisi. Mwaka 1871 alikuwa upande wa Komuni ya Paris, serikali ya waasi walioushika mji huo. Mnara wa Vendôme, ukumbusho wa ushindi wa Napoleon, ulipoangushwa, lawama zikamwangukia yeye. Alifungwa miezi 6, kisha akadaiwa gharama za kuujenga upya. Akakimbia 1873, akaishi mji wa La Tour-de-Peilz, ufukweni mwa ziwa hilo, na ng'ambo ya maji ni Ufaransa, kwao. Wakongo waliovuka Tanganyika kuja huku hawahitaji kuelezwa uchungu huo. Mwaka 1877 deni likapangwa kuwa zaidi ya faranga 323,000, alipe kwa awamu. Alifariki Desemba 31 mwaka huohuo, hajalipa hata awamu ya kwanza.

Bei inazungumzika. Chukua saizi kubwa. Kwenye ndogo kuta za ngome hazionekani vizuri.