Doksisaiklini au Malarone: kinga ya malaria kwa mgeni anayefikia Moshi

Mgeni anayefikia Moshi ili apande Kilimanjaro, kisha ateremke mbugani au pwani, mara nyingi huchagua kati ya dawa mbili za kujikinga na malaria: doksisaiklini, au mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ambao wengi huufahamu kwa jina la Malarone. Bei ya kidonge kimoja isimdanganye, kwa sababu doksisaiklini humezwa kila siku hadi wiki 4 baada ya kuondoka kwenye eneo lenye malaria, ilhali Malarone huendelea kwa siku 7 tu. Kwa safari ya siku 10, akianza siku moja kabla, atahitaji vidonge 39 vya doksisaiklini au 18 vya Malarone. Hata hivyo, kwa jumla doksisaiklini huwa nafuu.

Kwa mpanda mlima, mimi hutazama jua kwanza. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi, na jua la kule juu ni kali hata kukiwa na baridi. Nimemwona mgeni aliyekuwa akiimeza akishuka mlima kwa njia ya Mweka, midomo imebabuka na ngozi ya nyuma ya viganja imeiva kwa wekundu. Tena imezwe kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale papo hapo, kwani ikikwama huunguza umio. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 8 hawapewi.

Malarone humezwa pamoja na chakula au maziwa, na haimfai mwenye ugonjwa mkali wa figo.

Kwa wiki mbili zenye mlima ndani yake, ningelipia Malarone. Kwa anayekuja kujitolea miezi 3, doksisaiklini ndiyo atakayoimudu.