Uzoefu Wangu na Chakula cha Paka: Kikavu, cha Kopo na Nyama Mbichi

Paka wangu wawili, dume aliyehasiwa na jike mzee, wamekula aina zote tatu kwa nyakati tofauti, na kilichonifanya niegemee chakula cha kopo ni maji yaliyomo. Chakula kikavu huwa na unyevu wa asilimia 10 hivi, ilhali cha kopo hufikia asilimia 75 hadi 80. Paka wa kufugwa ametokana na paka mwitu wa nchi kame, aliyepata sehemu kubwa ya maji yake kutoka katika mwili wa windo, kwa hiyo kiu yake ni hafifu hata bakuli likiwa limejaa. Dume wangu alipopata taabu ya kukojoa, daktari wa mifugo alinieleza kwamba mkojo mzito huchangia fuwele kujengeka kwenye kibofu, na kwamba dume, kwa wembamba wa njia yake ya mkojo, anaweza kuziba kabisa na kufa ndani ya siku chache asipotibiwa. Tangu aanze kula chakula cha kopo, mabonge ya mchanga katika sanduku lake la choo yamekuwa makubwa zaidi, ishara kwamba anakojoa zaidi, nami nayafurahia kuliko inavyostahili.

Lebo zinahitaji uangalifu. Kopo lenye protini asilimia 10 linaonekana duni mbele ya pakiti yenye asilimia 32, lakini ukiondoa maji, asilimia 78 kwenye kopo na 8 kwenye pakiti, kopo linabaki na protini asilimia 45 na pakiti 35. Muhimu zaidi ni kuhakikisha lebo inasema chakula hicho ni kamili, si cha nyongeza, kwa sababu baadhi ya makopo ya kuvutia ni minofu mitupu isiyoweza kumtunza paka peke yake.

Chakula kikavu sijakiacha. Hakiharibiki haraka kwenye bakuli, na hilo hunifaa ninaposhinda nje kutwa. Kasoro yake ni kwamba kina nishati nyingi katika ujazo mdogo: paka wa kilo 4 anayekaa ndani hutosheka na gramu 50 hadi 60 kwa siku, kiasi ambacho machoni pa mfugaji huonekana kama uchoyo, hivyo mimi hupima kwa mizani. Dai kwamba husafisha meno halikunishawishi, kwani punje za kawaida huvunjika mara tu jino linapozigusa. Zinazosaidia ni zile kubwa na ngumu zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo.

Nyama mbichi ndiyo jike aliyoipenda kupita zote, na ndiyo niliyoiondoa kabisa. Mlo wa nyumbani ni rahisi kupungukiwa na kalsiamu au taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea vya kutosha, na upungufu wa taurini huharibu moyo na macho ya paka. Aidha, kugandisha nyama hakuui bakteria wa Salmonella wala Listeria, na mwishoni mwa 2024 nchini Marekani paka waliambukizwa virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 kupitia chakula kibichi kilichouzwa kikiwa kimegandishwa. Katika nyumba yenye mtoto au mgonjwa, nisingeijaribu hata mara moja.

Kumhamisha jike kulihitaji subira, kwa kuwa paka mzima akisusa kula kwa siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, ini lake huweza kujaa mafuta na kumfikisha pabaya. Nilichanganya kidogo kidogo kwa zaidi ya wiki, nikikipasha chakula cha kopo hadi kikaribie joto la mwili ili harufu ipande. Sasa wote wawili hula cha kopo asubuhi na jioni, na kikavu kilichopimwa mchana. Jike bado hukataa vipande vyenye rojo, hulamba rojo tu, kwa hiyo yeye namnunulia kile kilichosagwa laini.