Mapitio ya FLAC kwa wenye makasha ya kanda Dodoma

FLAC, fomati inayobana faili la sauti bila kupoteza chochote, inasifiwa kwa sauti yake, na hiyo ndiyo sifa isiyoistahili. WAV isiyobanwa, na ALAC, WavPack na FLAC zinazobana bila kupoteza, zikifunguliwa hutoa namba zilezile biti kwa biti, kwa hiyo hakuna sikio litakalozitofautisha. Mwenye kasha la kanda za kwaya, za dansi na za ngoma za Wagogo ana maswali mengine ya kuuliza. Faili likiharibika nitajuaje? Litakula nafasi kiasi gani? Na mjukuu wangu ataweza kulifungua? FLAC inajibu vizuri yote matatu, na kwa la kwanza inaziacha WAV na ALAC mbali.

Kila faili la FLAC hubeba mwanzoni mwake alama ya MD5, namba ya utambulisho iliyokokotolewa kutokana na sauti yenyewe kabla ya kubanwa. Tena kila kipande cha sauti, kwa kawaida sampuli (vipimo vya sauti) 4096, kina hesabu yake ndogo ya kujikagua. Ukiandika flac -t na jina la faili kwenye dirisha la amri la kompyuta, programu hulipitia lote, hukokotoa upya, kisha husema ok au ERROR, MD5 signature mismatch. WAV haina kitu hicho, ALAC nayo haina. Flashi iliyopita mikono mitano, ikachomekwa kwenye kompyuta ya steshenari na kuchomolewa kabla haijamaliza kuandika, inaweza kukurudishia WAV lenye ukubwa uleule ila katikati linachakacha. Hutajua mpaka siku ya msiba, pale mtu atakapoomba wimbo huohuo. Mafaili mia mbili ya FLAC unayakagua huku unakunywa chai.

Alama hiyo ina jambo moja la kuangalia. Huandikwa mwishoni, programu inaporudi mwanzo wa faili kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Umeme ukikatika wakati unarekodi moja kwa moja kwenye FLAC, sauti iliyokwisha kuandikwa itasikika, lakini alama itabaki tupu na flac -t itatoa onyo kwamba haina cha kulinganisha. Faili la hivyo lifungue liwe WAV, ulibane upya. Bora zaidi ni kurekodi kwenye programu ya Audacity kwa laptop yenye chaji ya kutosha, ukate nyimbo, ndipo utoe FLAC. Na chaja ikichomolewa, ule mvumo wa 50 Hz mara nyingi unaondoka nao.

Kuhusu ukubwa, kaseti ya dakika 60 kwa biti 24 kwa kila sampuli na 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde), stereo, ni megabaiti 17.28 kila dakika, yaani gigabaiti 1.04 ikiwa WAV. FLAC itaishusha hadi theluthi mbili hivi, wakati CD nyingi hushuka karibu na nusu. Wengi wakiona hivyo hudhani wamekosea mipangilio. Hawajakosea. FLAC hukisia sampuli ijayo kwa kutazama zilizotangulia, ikahifadhi tofauti tu, na ile “shhh” ya kanda haikisiki. Kwenye biti 24, hiyo shhh peke yake hujaza biti 14 hivi za chini. Hata kanda ya mono hainywei inavyotarajiwa: hedi ya deki, ile inayosoma kanda, ikiwa imeinama kidogo, kushoto na kulia hupishana kwa muda mdogo mno, na FLAC haitambui tena kwamba ni sauti moja. Nyoosha hedi kwanza, kisha igeuze rekodi kuwa mono kabla ya kuibana.

Kanda yenyewe haifiki ubora wa biti 24, hata 16 zingeibeba. Zile za ziada ni nafasi ya kukosea kiwango. Ngoma za muheme huingia kwa kishindo, na aliyepima kiwango kwa kufuata waimbaji atakuta vipigo vya kwanza vimekatwa vichwa. Acha kilele kiishie kwenye -10 dB, yaani desibeli kumi chini ya kikomo. Ila 96 kHz kwa kaseti ni kujaza diski bure.

Viwango vya kubana ni 0 hadi 8, chaguo la kawaida ni 5. Sauti haibadiliki, kinachobadilika ni muda na ukubwa kidogo sana. Tumia -8 pamoja na -V, ambayo hukagua faili palepale linapotengenezwa. Toleo la 1.5.0 la Februari 2025 linaweza kugawa kazi hiyo kwa viini kadhaa vya prosesa ukiongeza -j.

Hakuna fomati inayotibu rekodi mbovu. Kwa vumbi letu hili, hedi na rola ya mpira zifutwe kwa spiriti isiyo na mafuta baada ya kila kanda mbili tatu. Ukali ukipotea, kibisibisi kidogo kwenye skrubu ya pembeni ya hedi huurudisha: zungusha polepole huku unasikiliza kwa mono, uache pale “s” za mwimbaji zinapong’aa. Tundu la maiki la laptop liache kabisa. Mara nyingi ni la mono, na hupandisha na kushusha sauti lenyewe. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye laini ya kuingiza.

Usafishaji wa shhh ufanyie nakala, kamwe si faili la asili. Ilimba, ala ya vibao vya chuma ya Wagogo, huwa na utando wa buibui kwenye matundu yake, na mlio wake wa kuwasha ni sehemu ya ala. Programu ya kusafisha huuona kama kelele na kuufuta. MP3 nayo huziharibu njuga na kayamba, kwa kutanguliza mchakacho mbele ya kila mpigo, na hayo ni maji yaliyomwagika. Kuigeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kitu, japo wapo wanaorushia watu nyimbo za hivyo kwa jina la FLAC. Tazama spektra (picha ya masafa ya sauti) kwenye Audacity: MP3 ya 128 kb/s hukatika karibu na 16 kHz kama iliyokatwa kwa panga. Kaseti halisi hufifia taratibu.

ALAC ya Apple, iliyo wazi tangu 2011, inafaa nyumba inayotumia iPhone tu, kwa kuwa maktaba ya Apple Music haipokei FLAC. Ubaya ni kwamba huvaa jina la m4a, sawa na AAC inayopoteza sauti, kwa hiyo jina la faili halikwambii una nini. WavPack ichukue ukihitaji kuhifadhi biti 32 za desimali (float), ambazo FLAC haizipokei. APE, fomati nyingine ya aina hii, hubana zaidi lakini huichosha simu. WAV hugota kwenye gigabaiti 4, na majina ya nyimbo hayakai humo kwa uhakika. FLAC ipo tangu 2001, haina malipo, Android na Windows 10 huifungua zenyewe, na tangu Desemba 2024 imeandikwa kama kiwango cha intaneti, RFC 9639. Mjukuu atakuwa na pa kuanzia.

Pale inapokwama ni sebuleni na garini. Sabufa nyingi na redio nyingi za gari husoma MP3 tu, tena kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32. Toa MP3 za 320 kb/s kutoka kwenye FLAC, uzigawe utakavyo. FLAC zenyewe ziwe kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, moja Makole na nyingine hata Kondoa, na kila ukinakili, endesha flac -t kule faili lilikofika.